Akwamarini kwenye mwamba wake: niing'oe na kuing'arisha, au niiache ilivyo?

Mpenda Mawe (Mbarara)
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimeanza kukusanya fuwele za madini, na mchimbaji mdogo wa huku Ankole, magharibi mwa Uganda, ananiuzia akwamarini, aina ya kito, yenye urefu wa kidole, ya samawati iliyopauka, iliyosimama juu ya jiwe jeupe lenye mika, yale madini ya matabaka membamba yanayometameta. Fundi mmoja wa vito ananishauri niing'oe na kuisugua mpaka ing'ae, kwa hoja kwamba hilo jiwe jeupe ni mzigo tu. Je, ushauri huo unamfaa mkusanyaji? Na nitajuaje kwamba si kioo wala topazi?

Mzee wa Kigezi
Ndugu, tafadhali usiing'oe. Fundi anasema kweli kwa upande wa kazi yake, maana yeye huuza kwa karati, yaani kipimo cha uzito wa vito, ilhali mkusanyaji hutafuta umbo ambalo fuwele ilijikulia nalo. Akwamarini ni aina ya madini yaitwayo berili, ndugu yake zumaridi, iliyopata usamawati kutokana na chuma kidogo kilichomo ndani yake, nayo hukua hasa katika pegmatiti, yaani miamba ya chembe kubwa inayoganda mwishoni pale uji wa moto wa graniti unapopoa. Jiwe jeupe ulilolitaja huenda ni feldispa, madini ya kawaida ya graniti, na likiwa pamoja na mika linaonyesha fuwele ilizaliwa wapi. Ndiyo maana akwamarini za Shigar huko Pakistani, au za Erongo huko Namibia, huthaminiwa zaidi zikiwa bado zimeshikamana na mwamba wake. Pegmatiti zetu za Ankole na Kigezi zilichimbwa berili katika karne iliyopita kwa ajili ya beriliamu, metali ya viwandani, si kwa ajili ya vito, kwa hiyo fuwele angavu ya huku isiyovunjika ncha ni ya kutunzwa.

Mwanafunzi wa Miamba (Kampala)
Kuhusu utambuzi, anza na umbo. Berili ina pande sita, mara nyingi ncha yake ni bapa, na mistari yake hafifu hufuata urefu. Kwatsi, madini ya kawaida sana, nayo ina pande sita, lakini mistari yake hukata upande kwa upande na ncha yake huchongoka. Topazi ukiitazama kutokea nchani ina umbo la msambamba, na hupasuka kwa urahisi ikiacha uso laini unaokingama na urefu.

Usiijaribu kwa kuikwaruza, ukwaruzo haufutiki. Kipimo kizuri ni uzito, ila hakifai fuwele iliyo juu ya mwamba, kwa hiyo mwombe mchimbaji kipande kilichodondoka cha fuwele hiyohiyo. Kipime kikavu, kisha kikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili: berili hutoa takriban 2.7, topazi takriban 3.5. Kwatsi hutoa 2.65, karibu mno na berili, na kioo kinaweza kuangukia popote. Hapo urudi kwenye umbo.

Mkaguzi
Naunga mkono, lakini wenzangu wameruka jambo moja: kuna fuwele zinazobandikwa kwa gundi juu ya mwamba usio wake. Chukua ile taa ya kukagulia noti, umulike shina la fuwele gizani, kwa kuwa gundi nyingi hung'aa rangi ya maziwa pale inapokutana na jiwe. Ukiridhika, ioshe kwa maji ya vuguvugu na mswaki laini. Asidi ya kuondolea kutu ni sumu, na anayeanza hana haja nayo.

Pia, kwa mujibu wa Katiba ya Uganda, ibara ya 244, madini ni mali ya Serikali, hivyo muulize mchimbaji leseni yake na udai risiti. Ukitaka kuipeleka nje ya nchi utahitaji kibali. Mwisho, andika jina la kijiji na shimo kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na jiwe. Fanya hivyo siku hiyohiyo ya kununua, kabla mchimbaji hajahamia shimo jingine.