Naomba ushauri: VETA au QT kwa fundi aliyeishia la saba?

Fundi wa Igoma: Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, nafunga umeme majumbani. Ujuzi nimeupata kwa kumbebea fundi mwingine koleo na bisibisi. Sasa tenda zenye hela wanauliza cheti na leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. Nawaza chuo cha ufundi VETA pale Nyakato, au masomo ya jioni ya QT, ule mtihani wa maarifa kwa tuliokosa sekondari, nipate kidato cha nne, maana natamani kusonga mbele zaidi. Juzi nikajaza yale maswali ya mtandaoni ya kupima unavyojifunza, yakasema mimi ni mtu wa vitendo. Nikaona basi, QT siyo yangu. Mama watoto anasema nakimbia vitabu tu.

Dagaa Mbichi: Mama watoto apewe soda.

Mwalimu wa Jioni: Mkuu, hayo maswali yasikuamulie. Yanayojulikana zaidi ni VARK ya Neil Fleming: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, kutenda. Yanakuonyesha unachopenda, basi. Mwaka 2008 watafiti wa saikolojia, Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwepo, hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa mtindo wake ndiyo anafaulu zaidi. Somo lenyewe ndilo linalodai njia yake. Kufunga mota utashika nyaya utake usitake. Insha haiandikwi kwa koleo. Nafundisha watu wazima, na wengi wanaokwama ninaowaona wamebanwa na muda, au wanarudia notisi zilezile bila kufunga daftari wakajiuliza maswali.

Bibi Shamba Buhongwa: Mwalimu, napinga kidogo. Mtu mzima asipopenda anavyosoma, anaacha, hakuna wa kumchapa. Mimi Chuo Kikuu Huria peke yangu usiku ilikuwa usingizi mtupu, hadi tulipounda kikundi.

Mwalimu wa Jioni: Hapo sibishi dada. Ila kilichokubeba ni kikundi.

Jiwe la Bismarck: Mbona mnamchagulia moja? VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia mtaani anapimwa kazi, akifaulu anapewa cheti. Aulizie hilo kwanza, kazi yake isisimame. QT aisome taratibu, kisha kidato cha nne afanye kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Fundi wa Igoma: Hilo la kupimwa sikulijua kabisa. Kesho nina kazi Nyakato, napitia. Kituo cha QT chenye vipindi vya Jumamosi huku Igoma, nani anakifahamu?

Mwalimu wa Jioni: Njoo PM.