Nachora ghorofa za kale za Mikindani, madirisha yananishinda. Ushauri jamani

Mtoto wa Shangani
Wakuu, habari zenu. Mimi mchoraji, niko Mtwara mjini. Nina maonyesho baada ya wiki saba, na nachora nyumba za Mikindani nilizokuwa naziona nikienda kwa bibi. Boma la Mjerumani la 1895 nimeliacha makusudi, kila mgeni analo kwenye simu yake. Nataka zile za mitaani, za mawe ya matumbawe na chokaa.

Saba tayari. Ya nane ni ghorofa iliyokuwa na duka chini. Roshani imeshaanguka, bati limebaki nusu. Nimeichora ikiwa nzima, madirisha ya bluu kama ninavyokumbuka. Kaka yangu kaiona, kasema yalikuwa ya kijani. Nifute? Au nichore gofu lilivyo leo? Halafu rangi ya mafuta ina siku ya kumi na mbili, bado inanata.

Pwani Kavu
Chora gofu mkuu. Ndiyo hali halisi.

Mama Nakshi
Usimsikilize huyo. Magofu tunayaona bure tukienda sokoni. Nikitoa hela yangu nataka ile roshani tuliyokuwa tunachungulia harusi.

Fundi Chokaa
Mdogo wangu, usibishane na kaka yako, kaliulize dirisha. Omba ruhusa kwa wenyewe, kwangua kidogo kwa kisu karibu na bawaba, rangi zote zimo humo tabaka kwa tabaka.

Na angalia upana. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutiki. Picha nyingi ninazoziona zimezitanua kama maghala ya korosho. Ukuta nao usiupake kijivu cha saruji, hata kama leo umezibwa kwa saruji. Hiyo ndiyo iliyoziua. Matumbawe yanavuta unyevu na chumvi, chokaa inauachia utoke, saruji inaubana ndani mpaka lipu inabanduka mapande mapande. Nimekarabati, nimeyaona.

Hadibodi
Kunata ni kwa sababu umepaka nene, na hewa yetu ina maji. Nyeupe nayo huchelewa. Weka picha penye upepo, zile ambazo hujaanza chora kwa akriliki. Vanishi usiguse sasa, mafuta hayajaiva. Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipaka rangi za kung'aa za dukani juu ya ubao, na kazi zake zinagombewa mpaka leo.

Mkorosho
Mimi nauliza tarehe tu. Kama ni kabla ya minada ya korosho, watu watakuja kunywa soda na kusifia.

Mtoto wa Shangani
Mkorosho, kadi zimeshachapwa, tutakunywa hiyo soda.

Fundi, shikamoo. Leo nimekwenda. Mwenye nyumba kakubali, kaleta na kigoda akae anitazame. Nimekwangua: juu kijani, chini yake bluu, chini ya bluu kijani tena, kisha mbao. Kaka amenizidi miaka tisa. Nimempigia, kacheka mpaka simu ikakatika.

Roshani inabaki, Mama Nakshi. Ila sasa nataka dirisha moja liwe la bluu na la pili kijani. Mtanielewa, au mtasema rangi iliniishia?

Mama Nakshi
La bluu liweke upande wa duka.