Mjadala: Picha ya Capa ya Omaha ina nguvu kwa sababu imetikisika, au tumelishwa hadithi?

ChumbaChekundu (mleta mada): Wadau, picha yangu ya vita ni ile iliyotikisika ya mpiga picha Robert Capa, ufukwe wa Omaha, Normandy, Ufaransa, siku Wamarekani walipotua, 6 Juni 1944. Askari yumo majini, kimebaki kichwa na mabega, nyuma yake vyuma vya kuzuia mashua. Angalieni anatazama wapi: kwenye kamera. Yaani kamera imemtangulia, imezipa mgongo bunduki za Wajerumani, na sisi tumesimamishwa hapo hapo. Ifanye kali kama wembe, utabaki na mtu anayeoga na nguo. Kwangu kutikisika ndiko kunakoibeba. Mnasemaje?

Kitasa: Nguvu ipi mkuu? Rosenthal, yule wa picha ya bendera ya Marekani ikisimikwa pale Iwo Jima, 23 Februari 1945, alishika kamera ya Speed Graphic, shata 1/400 ya sekunde, apacha (tundu la mwanga) kati ya f/8 na f/11. Kila kitu kikali, na dunia haijaisahau. Ya Capa ni hesabu tu: asubuhi ya wingu zito, mwanga mdogo, shata inabidi iende polepole. Mtu yuko majini anatetemeka, picha itatulia vipi? Hata mpiga picha za paspoti hawezi kumkabidhi mteja kazi kama ile.

NuruYaDirisha: "Hata" mpiga picha za paspoti? Kitasa, hiyo "hata" ina dharau. Weka taa mbili, kila moja digrii 45, mteja akae mita moja na nusu mbele ya pazia ili kivuli kianguke sakafuni. Akisogea nyuma, masikio yanachora kivuli ukutani na ofisi ya paspoti inairudisha picha. Halafu mletee mweusi tii mwenye shati jeupe pee: ukipimia mwanga kwenye shati, uso unazama, ukipimia uso, kola inapotea. Pimia uso, punguza nusu stopu (stopu moja ni mwanga kupungua nusu), geuza taa moja kidogo isipige shati. Ndipo uje utuambie "hata".

Kitasa: Sijamtukana mtu. Povu la nini?

MkandaWa36: Acheni taa. Capa mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1947 hakubali kwamba mikono yake ndiyo iliyoharibu picha. Jarida la LIFE ndio waliandika kwamba msisimko ulimfanya aisogeze kamera. Yeye anasema kijana wa chumba cha giza London alizidisha joto la kukaushia, gelatini, ule utando unaobeba picha kwenye filamu, ikayeyuka: picha 106, zikapona 8. Morris, mhariri wake pale LIFE London, anasema mikanda 4. Sasa piga hesabu: mkanda wa picha 36, mitatu ni 108, minne ni 144. Nani kahesabu?

Kitasa: Ndiyo maana nikasema hadithi. Na joto la kabati la kukaushia haliwezi kufanya vile. Picha iliyotikiswa kingo zake zinajirudia upande mmoja, lakini chembe za filamu zinabaki kali. Gelatini ikiteleza, chembe zenyewe zinavutika. Pale Omaha chembe zimetulia.

MkandaWa36: Na ile picha kupanda kwenye matundu ya pembeni ya filamu? Hiyo si kuteleza?

Kitasa: Waliochunguza wanasema ni kaseti ya Kodak kutokaa sawa ndani ya Contax, kamera ya Capa. Morris naye mwaka 2014 alikiri kwamba huenda mikanda mingine haikuwa na kitu.

ChumbaChekundu: Basi inanipa nguvu mimi! Kama alipiga 10 au 11 tu zinazohesabiwa leo, si zile 106 za kitabu, kila moja ina uzito zaidi. Ila Kitasa, usiseme gelatini haiyeyuki. Safisha mkanda Dar mwezi wa pili, maji ya bomba digrii 29, uone.

Kitasa: Kuyeyuka kwenye maji ya moto ni jambo jingine. Kinachoharibu huko ni kuruka: dawa ya kwanza digrii 20, maji ya kuoshea 29, gelatini inafura ghafla na kupasuka kama tope lililokauka. Dawa zote na maji ya kuoshea ziwe zimepishana digrii moja au mbili, basi. Kama huna barafu, safishia kwenye 24 na upunguze muda kama asilimia 10 kwa kila digrii iliyozidi.

MkandaWa36: Na utie shabu kwenye fiksa, dawa ya mwisho inayoituliza picha, ili gelatini iwe ngumu.

NuruYaDirisha: Shabu ile ile ya dukani?

MkandaWa36: Ile ile, ikiwa safi. Lita moja: hypo (chumvi kuu ya fiksa) gramu 240, salfaiti gramu 15, asidi ya siki ya asilimia 28 mililita 48, asidi ya boriki gramu 7.5, shabu gramu 15. Fuata mpangilio huo, kila kimoja kiyeyuke kabisa ndipo utie kinachofuata. Ukitanguliza shabu kabla ya asidi, inageuka maziwa na kuacha unga kwenye nega.

ChumbaChekundu: Jamani, mada ilikuwa askari majini.

NuruYaDirisha: Mada itasubiri. Kitasa bado hajaifuta ile "hata".

Kitasa: Nimeifuta. Ila nusu stopu kwa shati jeupe haitoshi, punguza moja nzima.

NuruYaDirisha: Moja nzima kwa mweusi tii? Unataka mteja arudi nyumbani bila macho?