Koma kabla ya "who" na "which": ziwekwe lini?

Swali: Habari zenu. Nahariri ripoti ya wapangaji wa jengo moja hapa Kilimani. "The tenants who had not paid were given notice." Bosi anataka koma baada ya "tenants" na "paid". Kuna tofauti kweli?

Jibu 1: Kubwa sana! Bila koma, kishazi (hapa ni maneno "who had not paid") kinachagua: waliopewa notisi ni wale wasiolipa tu. Ukiweka koma, unasema wapangaji wote hawakulipa, na wote wakapewa notisi. Kabla hujamtii bosi, angalia daftari la kodi.

Kipimo ni kukitoa kishazi. Kama msomaji bado anajua unazungumzia nani, hiyo ni nyongeza tu, weka koma. Ndiyo maana majina ya pekee huzidai: "Nairobi National Park, which was established in 1946, borders the city." Mbuga hiyo ni moja tu.

Jibu 2: Naongeza. Kishazi cha nyongeza kikikaa katikati ya sentensi, koma ni mbili. Wengi hufungua wakasahau kufunga. "That" haifai hapa, na "which" au "whom" haidondoshwi. "The phone I bought" ni sawa kwa kuwa kishazi kinachagua, lakini "My phone, I bought in Luthuli, is dead" imevunjika.

Jibu 3: Jihadharini pia na "which" inayobeba tukio zima: "The matatu stalled on Thika Road, which delayed us." Kilichochelewesha ni kuzimika kwa matatu, si barabara. Koma hapo ni lazima.

Muuliza swali: Waliolipa wapo, tena wengi. Koma naziondoa.