Seva ya Linux inajibu haraka ikielemewa, inazubaa ikipata nafuu. Kwa nini?

Mleta mada
Wakuu, ni seva ya soketi mbili, Xeon za Skylake, inaendesha Redis (hifadhidata inayokaa kwenye RAM). Mchana maombi yakifurika inajibu vizuri. Usiku maombi ni ya kuhesabu, CPU haifiki hata 5%, lakini muda wa kujibu unapanda. Kwenye cpufreq (sehemu ya keneli inayosimamia kasi ya CPU) nimeshaweka performance. Tatizo liko wapi?

Mchangiaji 1
Performance inasimamia kasi tu, haizuii kiini (core) kulala. Kiini kikikosa kazi keneli inakilaza, na usingizi ukiwa mzito kuamka nako kunachelewa. Kwa Xeon hizo, intel_idle (draiva ya keneli inayolaza viini) inahesabu muda wa kuamka kuwa mikrosekunde 2 kutoka C1 (usingizi mwepesi), 10 kutoka C1E na 133 kutoka C6 (usingizi mzito). Mchana viini havipati upenyo wa kuzama. Usiku ombi linavikuta C6, tena huenda likaamsha viwili: kinachohudumia kadi ya mtandao, halafu cha Redis.

Hakikisha kwanza:
`cpupower idle-info`
`turbostat --interval 5` (tazama safu ya CPU%c6)

Kisha:
`cpupower idle-set -D 11`

Hapo hali zote za kuanzia mikrosekunde 11 zinafungwa, C1E inabaki. Ukiandika 10, na C1E inakwenda. Kurudisha ni `cpupower idle-set -E`. Ukiwasha mashine upya, mpangilio unafutika wenyewe.

Mchangiaji 2
Sawa, ila usifunge C6 kila mahali. Viini vilivyolala C6 ndivyo vinavyowaachia wenzao nafasi ya umeme na joto ya kupanda turbo (kasi iliyozidi ya kawaida). Redis inatekeleza amri kwenye uzi mmoja, kwa hiyo inaihitaji turbo hiyo. Pima p99 (muda wa kujibu ambao asilimia 99 ya maombi hayauzidi) kabla na baada, usiku na mchana. Na `idle=poll` (kigezo cha keneli kinachozuia viini kulala kabisa) iache: viini vinazunguka bure, na Hyper-Threading (nyuzi mbili kwenye kiini kimoja) ikiwa imewashwa uzi pacha unanyang'anywa nguvu.

Mchangiaji 3
Mtego: `intel_idle.max_cstate=0`, kigezo anachopewa keneli mashine ikiwaka, haimaanishi "usilale". Inazima draiva hiyo, keneli inahamia acpi_idle inayofuata majedwali ya BIOS, na C6 inaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Unayoitaka ni 1.

Bila kuwasha upya, tumia `tuned-adm profile latency-performance`, au programu inayofungua `/dev/cpu_dma_latency`, inaandika 10 (kikomo cha mikrosekunde za kuamka) kama namba ya biti 32, na kuliacha faili wazi. Likifungwa tu, kikomo hicho kimekufa. Ndiyo maana `echo` haisaidii hapo.

Kama Redis iko kwenye mashine pepe, kwa kawaida haya yote yanafanyika kwa mwenyeji (mashine halisi inayoibeba).