Maji yanazidi, sukari inapungua: bia ya kimea nakosea wapi wakuu?

Mtoto wa Pwani

Habari zenu wakuu, naomba msaada maana nimeshapika mara tatu na mara zote majibu ni yale yale. Niko Denver, Colorado. Nilianza na ile sharubati ya kimea ya kwenye kopo, ilikuwa inakubali vizuri tu, sasa nimehamia kwenye kimea chenyewe cha shayiri, naloweka kwenye deli, nachuja, nasuuza, nachemsha na hopsi (yale maua ya kutia uchungu), kila kitu mwenyewe.

Resipi ni ya bia aina ya pale ale, ya kawaida. Kimea kilo 5, mwisho wa kuchemsha nikishapoza natakiwa nipate lita 20 zenye graviti (kipimo cha sukari iliyomo, maji matupu ni 1.000) ya 1.053. Maji nimefuata kama programu ilivyosema, lita 16 za kulowekea na lita 17 za kusuuzia, jumla 33. Naloweka saa nzima kwa nyuzi 67, nachemsha saa nzima, nikipoza napata lita 23 na haidromita inasoma 1.040. Sampuli huwa naipoza mpaka nyuzi 20 kabla sijapima kwa hiyo sidhani kama kosa liko hapo. Kitu kingine, ikimaliza kuchacha inashuka mpaka 1.006 wakati resipi inasema 1.012, bia inakuwa nyepesi mdomoni, haina mwili kabisa. Mke wangu anasema inanyweka, ila mimi najua nilichokuwa nakitafuta na hiki sicho.

Jamaa wa huku wananiambia ongeza kimea tu. Kuongeza naweza, lakini nataka nijue kwanza sukari inapotelea wapi. Vipimo vyote ninavyo kwenye daftari, ulizeni chochote.

Kimea Tupu

Mkuu hilo daftari ndilo litakalokuokoa. Una matatizo mawili hapo na yamechanganyikana, tuyatenganishe kwanza.

Chukua pointi za graviti (zile namba baada ya 1.0) zidisha kwa lita. Resipi: 53 mara 20 ni 1060. Wewe: 40 mara 23 ni 920. Hizo pointi hazibadiliki ukiongeza maji wala ukiyachemsha yakapungua, sukari ni ile ile, kwa hiyo ukitaka kujua kama umeikamua au hujaikamua angalia hapo, usiangalie 1.040 peke yake. Sasa 920 ukiigawa kwa lita 20 unapata 46. Maana yake hata ungepata lita kamili ungeishia 1.046. Kati ya pointi 13 ulizopungukiwa, 6 ni maji yaliyozidi na 7 ni sukari ambayo haikutoka kwenye kimea.

Tuanze na maji. Kilo moja ya kimea inabaki na kama lita moja, kwa hiyo kilo 5 zimekula lita 5. Chini ya deli pale bomba lisipofikia weka lita 1. 33 toa 6 ni 27 zilizoingia kwenye sufuria. Woti (hayo maji matamu ya kimea kabla hayajachacha) ikipoa kutoka kuchemka inasinyaa kama asilimia 4, kwa hiyo lita 23 zako za baridi zilikuwa 24 za moto. 27 toa 24, umepoteza lita 3 kwa mvuke. Nenda kwenye programu yako uangalie imeandika ngapi, nakuhakikishia utakuta kama 6, maana ndiyo pekee inayoleta lita 20 kwa hesabu hizo. Aliyeandika resipi ana sufuria pana na jiko la gesi nje uani, wewe una jiko lako la ndani. Je, unafunika sufuria?

Halafu kwenye daftari nitafutie kitu kimoja, graviti ya woti ya kwanza kabisa, ile inayotoka kwenye deli kabla hujamwaga maji ya kusuuzia. Hiyo ndiyo itasema ukweli.

Mtoto wa Pwani

Aisee nimeangalia, programu imeandika 6 kweli! Sikuwahi hata kuigusa. Na ndiyo, nafunika nusu, jiko ni la umeme bila hivyo linachemka kwa shida.

Woti ya kwanza ilikuwa 1.062.

Kimea Tupu

Basi hapo. Kilo 5 kwenye lita 16, wanga wote ukigeuka sukari, woti ya kwanza inatakiwa iwe karibu 1.080. Kwa 1.062 ni kama robo tatu tu ya kimea chako ndiyo iliyogeuka, robo nyingine imebaki wanga umeenda na machicha. Ungekuwa umepata 1.080 pale halafu mwisho ukose, ningesema unasuuza vibaya, woti inapita njia moja pembeni ya deli na machicha ya katikati hayaguswi. Lakini wewe kusuuza kwako kuko sawa. Kilo 5 zinaweza kutoa kama pointi 1475 ukikamua zote, 920 ni asilimia 62, na kwa kuwa imegeuka 75 tu tangu mwanzo, umekusanya zaidi ya asilimia 80 ya kilichokuwepo. Tatizo liko ndani ya ile saa moja ya kuloweka.

Kuhusu kifuniko, kitoe mkuu. Kimea cheupe kinatoa harufu ya mahindi ya kuchemsha na ile lazima itoke na mvuke. Kama jiko ni dogo tumia masufuria mawili.

Dada Hopsi

Mimi ningeanza na kusaga. Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, duka nililokuwa nanunua walikuwa wanasaga kwa mashine waliyoiachia nafasi kubwa, nikachukua machicha kiganjani nikakuta punje nzima nyingi tu, ukiibonyeza kwa kucha ndani nyeupe unga mtupu. Punje ikiwa nzima maji hayaingii. Nafasi ya vinu iwe kama milimita 1, ganda libaki kubwa kubwa maana ndilo chujio lako, lakini ndani pawe pamevunjika. Angalia machicha yako kaka.

Na maji ya kulowekea je? pH (kipimo cha uchachu wa maji) inatakiwa iwe kati ya 5.2 na 5.6 hivi. Na kwa pale ale nyeupe ukitumia maji magumu, pH huwa inapanda juu.

Msee wa Nairobi

Mimi naona hiyo FG (graviti ya mwisho, baada ya kuchacha) ya 1.006 mnaipita haraka. Kama shida ingekuwa kusaga peke yake, graviti ya kwanza ingeshuka sawa lakini bia isingekauka hivyo. Bia inakauka hivyo ukiloweka kwa joto la chini, nyuzi 62, 63, kile kimeng'enya kinachokatakata wanga kuwa sukari ndogo ndogo kinafanya kazi sana na hamira inakula karibu kila kitu. Na hapo hapo kwa 62 wanga wa shayiri uko mpakani, kuna ulioiva na kuna ambao bado, kwa hiyo unapata kidogo NA inakauka. Hizo ni dalili zako zote mbili kwa pamoja.

Sasa boss uko Denver. Hapo ni mita 1,609 kutoka usawa wa bahari, mimi hapa Nairobi niko karibu 1,795. Kwangu maji yanachemka kwa nyuzi 94, kwako kama 95. Wewe jina lako ni Mtoto wa Pwani, umekulia mahali maji yanachemka kwa 100. Swali langu, themomita yako uliiseti vipi?

Mtoto wa Pwani

Mungu wangu. Ni ile ya mshale, ina nati nyuma. Siku nilipoinunua nilichemsha maji, ikasoma 95, nikaona ni mbovu, nikachukua spana nikaizungusha mpaka ikasoma 100.

Naenda jikoni sasa hivi.

Mtoto wa Pwani

Nimerudi. Nimejaza glasi barafu iliyopondwa nikaweka maji kidogo, nikakoroga, nikaitumbukiza dakika tatu. Mshale umesimama kwenye 5 na hautaki kushuka. Kwa hiyo 67 zangu zote tatu zilikuwa 62. Nimeirudisha kwa nati mpaka sifuri, halafu nikachemsha maji kuhakikisha, imesoma 95 safi. Ilikuwa sahihi tangu dukani.

Dada Hopsi nimeangalia na kimea kilichosagwa kilichobaki kwenye mfuko, nimekuta punje nzima mbili tatu kwenye kiganja, sio mbaya.

Kimea Tupu

Msee wa Nairobi heshima yako, mimi nilikuwa kwenye maji tu.

Mtoto wa Pwani, sasa kabla hujapika tena chemsha maji matupu saa nzima bila kifuniko upime yamepungua kiasi gani. Chukua mwiko mrefu wa ugali, mimina lita mbili mbili kwenye sufuria na kila mara kata alama ya kisu kwenye mwiko pale maji yalipofika, utakuwa na kipimo chako cha maisha. Ikija 3 hesabu ni hii: 20 za baridi ni kama 21 za moto, jumlisha 3 za mvuke ni 24, jumlisha 6 za kimea na chini ya deli, jumla 30. Hizo lita 3 punguza kwenye kusuuza, 16 za kulowekea ziache, utasuuza na 14. Ikija namba nyingine badilisha hapo tu. Na maji ya kusuuzia yasizidi nyuzi 77, ukizidisha ganda linatoa ukakasi.

Mtoto wa Pwani

Nimepika Jumamosi wakuu. Masufuria mawili, bila kifuniko, mvuke kwa maji matupu ulikuja lita 3 na nusu kwa hiyo nikasuuza na 14 na nusu. Nyuzi 67 za kweli. Woti ya kwanza 1.078! Nilipima mara mbili. Mwisho lita 20 na nusu, 1.054. Kwa hesabu ya Kimea Tupu ni pointi 1107, asilimia 75. Hata harufu jikoni ilikuwa tofauti, ile ya uji mtamu, mara zote za nyuma ilikuwa hafifu.

Sasa imezidi kidogo resipi. Nipunguze kimea au niongeze maji?

Kimea Tupu

Maji usiyaguse, umeshayapata. Kimea weka kilo 4.8 badala ya 5, na kwenye programu badilisha ufanisi uwe 75 na mvuke 3.5 ndipo upange resipi nyingine. Ukirudia mara mbili ikabaki hapo hapo ndiyo namba ya jiko lako.

Msee wa Nairobi

Ikimaliza kuchacha rudi utuambie FG. Mimi nasubiri hiyo 1.012.