Tanuri la induksheni Kisumu: uniti 720 kwa tani moja?

Kalibu_Ksm: Wakuu, tanuri letu la induksheni (la kuyeyusha chuma kwa stima) ni la tani 1, tunayeyusha skrapu ya jua kali. Zamani tulitumia uniti za stima kama 610 kwa tani, sasa 720. Mitambo ni ileile. Nianze kukagua wapi?

MoshiMwekundu: Anza na saa, ndugu. Kupasha chuma hadi nyuzi 1600 kunahitaji takriban uniti 390 kwa tani. Kinachozidi ni hasara. Andika kila mchomo (kila mara unapoyeyusha): dakika za kuyeyusha, dakika za kungoja kalibu (umbo la kumiminia chuma), dakika mfuniko ukiwa wazi. Kungoja ndiko kunakokula stima, kwa sababu chuma kiko tayari na bado unakilisha. Pia pima joto kwa kipimo cha kuchovya, si kwa macho. Nyuzi 50 za ziada ni kama uniti 12 kwa tani, kabla ya hasara.

Nakuru_Melta: Na skrapu? Kutu na mchanga havigeuki chuma, vinakuwa mavi ya chuma yanayoganda ukutani na kupunguza nafasi ya tanuri. Mabati matupu yanaacha mapengo. Changanya na vipande vizito, vidogo vijaze katikati. Vikikwama juu vikaacha pengo, punguza nguvu mara moja: chini chuma kinachemka kupita kiasi na kula ukuta. Msimu huu wa mvua, kausha kwanza. Maji yakinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka, tanuri hulipuka.

Kalibu_Ksm: Kalibu huchelewa kweli. Naanza na saa kesho.